Piano na Ngoma ya Maharage

Kabla hajabatizwa, baba yangu alikuwa mpiga ngoma za misiba. Hiyo ilikuwa Rungwe, kabla wazazi wangu hawajahamia kwenye vilima vya juu ya Ilomba, Mbeya. Kwetu Wanyakyusa, zamani mtu akifa watu walicheza. Wanaume waliruka na mikuki yao, wanawake walilia huku wanacheza, na mpiga ngoma ndiye aliyeubeba msiba mpaka ukatua. Baba alifuatwa na watu kutoka mbali. Kisha akaingia darasa la ubatizo, na wazee wa kanisa wakamwambia achague.

Alichagua. Aliichuna ngozi ya ngoma yake kubwa kwa kisu chake mwenyewe, akaichoma nyuma ya nyumba, na lile gogo tupu mama akalichukua kuhifadhia maharage. Mimi nimekulia katika nyumba hiyo. Nikitumwa maharage nilizamisha mkono ndani ya ngoma mpaka begani. Hakuna aliyeiita ngoma tena, tuliiita pipa, na baba alipopita karibu nalo alitazama upande mwingine. Sikuwahi kumwona akigonga hata meza kwa vidole. Kanisani walimsifu sana kwa imani yake. Mimi, nilipoanza kuwa na akili za kuona, nilimwona mtu mwenye ugonjwa ambao hawezi kumwonyesha daktari.

Naanza na haya kwa sababu watu wakinisikia nikisema kwamba katika ujana wangu niliipenda piano, hucheka na kusema nilikuwa nautaka uzungu. Wananiudhi. Uzungu niliuona kwa karibu na sikuutamani hata kidogo, kuanzia chakula chake hadi baridi yake ya moyoni. Nilichokitaka kilikuwa kitu kingine, na nusu ya kitu hicho, nadhani, nilizaliwa nacho.

Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga nilipopelekwa shule ya wasichana ya misheni upande wa Iringa. Shule ilikuwa juu ya kilima, pepo za pande zote zikikutana hapo bila kukaribishwa. Wasichana wenzangu walikuwa Wahehe na Wabena. Walinicheka kwa Kiswahili changu, nami nikawacheka kwa salamu zao za asubuhi, kamwene hii na kamwene ile, mpaka uji unapoa. Mwalimu wetu wa kuimba alikuwa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, asiye na mume, ambaye sisi sote tulimwita Bibi. Alivaa glavu za sufu alizozikata ncha ili vidole vibaki huru. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wachache kati yetu kupiga kinanda cha kanisa, kile cha kupuliza kwa miguu, ili tukirudi kwetu makanisa ya vijijini yapate wapigaji. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na miguu yenye nguvu. Alisema hivyo mbele ya darasa zima.

Nyumbani kwake palikuwa na piano. Tulijua ipo, ila hatukuwa tumeisikia, maana alipiga peke yake tu, siku alizokuwa na huzuni, na alijitahidi kuificha huzuni kama watu wengine wanavyoficha ulevi. Jumamosi moja mchana nilikuwa narudi kutoka mtoni na beseni la nguo mbichi kichwani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilipopita chini ya dirisha lake nikaisikia.

Nilisimama. Maji ya nguo yalinitiririka shingoni hadi mgongoni, nikasimama vivyo hivyo. Nilikuwa nalia, na nilikasirika kwa kulia kwangu, kwa sababu sikuwa nimefiwa wala kupigwa. Nyimbo zote nilizozijua mpaka siku ile zilikuwa na kazi. Huu wa kupalilia, huu wa kubembeleza mtoto, huu wa kumtoa bibi harusi, huu wa kumsifu Mungu. Ukisikia wimbo unajua kwamba jambo fulani linatendeka. Hapa hapakuwa na jambo lolote lililotendeka. Palikuwa na manyunyu, na mwanamke mpweke chumbani, na sauti ambayo haikuomba kitu kwa mtu.

Jumatatu nilimwendea.

"Bibi, ule wimbo wa juzi unasema nini?"

"Hausemi neno."

"Unaimbwa wakati gani?"

"Hauimbwi. Unasikilizwa."

Nilidhani ananificha. Nilimwambia hivyo, kwa adabu, kwamba kama ni siri ya kanisa lao basi nisamehewe. Akasema nije nyumbani kwake baada ya masomo, nikiwa nimenawa mikono.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vibonyezo vya piano sisi wasichana tuliviita meno, na mara ya kwanza niliyapiga yale meno kwa nguvu kama ninavyotwanga. Bibi akanishika mkono.

"Usipige! Hii si ngoma. Bonyeza."

Maneno hayo aliyarudia mpaka nikayasikia usingizini. Hii si ngoma. Niliamini, kwa kuwa ndiye aliyejua. Alinifundisha vipande vidogo kwanza, halafu, nilipokuwa karibu kumaliza shule, alinipa kile nilichokisikia chini ya dirisha. Kilitungwa na Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, kipande cha taratibu, kurasa mbili tu. Bibi alikuwa mkali juu ya mkono wangu wa kushoto. "Unamfuata wa kulia kama mke," alisema. "Uache uende zake." Na siku mkono ule ulipokubali kwenda zake, nilielewa kilichonisimamisha kwenye manyunyu. Zilikuwa sauti mbili za watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja, kila mmoja na shauri lake, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Kwetu nyumbani sikuwahi kuona jambo kama hilo. Sikuliona hata kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Kulikuwa na jingine, na hili ndilo lililonishika akili kuliko moyo. Kinanda cha kanisa, ukishikilia jino moja na kuendelea kupuliza, sauti haifi. Itakaa pale hadi miguu ichoke. Piano haina msaada huo. Sauti yake inaanza kufa pale pale inapozaliwa, na ujuzi wote wa mpigaji ni kuziunganisha hizo sauti zinazokufa ili msikilizaji aone kwamba kuna kitu kinaishi. Nilikuwa binti wa miaka ya ujana, nikitembea na wazo hilo kichwani kama mwingine anavyotembea na jina la mvulana.

Katika ukurasa wa pili kulikuwa na mahali ambapo mkono wa kushoto unateremka chini, unateremka tu, na wa kulia unabaki juu ya sauti moja, unairudia, kana kwamba umekataa kuondoka. Kila nilipofika hapo koo lilibana. Nilimuuliza Bibi ni kwa nini. Alisema hajui, na kwamba yeye mwenyewe amekipiga tangu kabla ya vita na bado hajui.

Nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ya misheni karibu na nyumbani kwetu, Mbeya. Piano hapakuwa. Kanisani palikuwa na kinanda kilichokuwa kikivuja upepo kama mzee mwenye pumu, nikakipiga kila Jumapili. Jioni, nyumbani, nilikipiga kile kipande juu ya meza ya chakula, kimya, vidole juu ya mbao.

"Unakanda nini hapo, mwanangu?" mama aliniuliza.

"Sikandi kitu, mama."

"Basi kama mikono haina kazi, chambua maharage."

Baba alikuwa akiniangalia vidole wakati huo. Aliangalia, kisha akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

Baadaye zikaja habari kwamba Bibi ni mgonjwa na anarudishwa Ulaya, na kwamba ameacha agizo: piano yake iletwe kwangu. Ililetwa kwa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyekuwa akichukua bidhaa Iringa. Barabara ya Makambako na Chimala enzi zile ilikuwa ya vumbi na mashimo. Alishuka mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Mwalimu," alisema, "huyu mgeni wako kaniimbia njia nzima. Kila shimo wimbo mpya. Nilidhani nimebeba jini."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Wanaume wa kanisa waliibeba hadi chumba cha mawe pembeni mwa kanisa, chenye paa la bati na dirisha linalotazama kivulini. Nikaifuta vumbi jino kwa jino kwa kitambaa cha kichwani mwangu.

Furaha hiyo haikukaa. Mkuu wa misheni, Mzungu, alikuwa na mawazo yake. Klabu ya Wazungu mjini ilikuwa imemwomba piano hiyo kwa ajili ya dansi zao, naye hakuona mwalimu wa Kiafrika ataifanyia nini. Hata hivyo agizo la mgonjwa ni zito. Akasema mvua zikiisha atakuja kuisikiliza. Akiikuta nzima, inasema vizuri na ina faida kwa kanisa, itabaki. Akiikuta imeharibika mikononi mwangu, itakwenda klabuni, huko iko pesa ya kumleta fundi kutoka Nairobi. Mwafrika kwenye klabu ile aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Nilijua kwamba ikitoka chumba kile sitaigusa tena, wala nyingine.

Na mvua za Mbeya mnazijua. Mwaka ule ukungu uliingia ndani ya nyumba ukakaa kama ndugu wa mume. Chumvi ililowa, viatu viliota ukungu, vitabu vya watoto vilinata. Piano ikavimba. Meno mengine yakibonyezwa hayarudi, mengine hayashuki kabisa, na sauti zilizobaki zikalegea, kila moja kwa kiasi chake, hivi kwamba kipande changu kilisikika kama kinachoimbwa na watu waliogombana. Niliifuta kwa vitambaa vikavu. Nilifungua dirisha kila jua lilipochungulia. Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake kavu, ile inayopasua midomo, lakini chumba cha mawe kilikuwa kimeyashika maji ya masika na hakikutaka kuyaachia. Siku ya mkuu wa misheni ikakaribia. Nilikuwa nakula kidogo na kulala vibaya, na kwa watoto darasani nilikuwa mkali bila sababu.

Ndipo baba akaja kuisikiliza. Tangu piano ifike hakuwa amekanyaga chumba kile, ingawa alikuwa mzee wa kanisa na alipita mlangoni kila Jumapili. Aliingia kofia mkononi kama aliyekuja kuona mgonjwa. Nikampigia kidogo, nikaacha, nikaona aibu.

"Ndani kukoje?" aliuliza.

Nikaondoa ubao wa mbele. Akapiga goti. Nikabonyeza jino moja taratibu, naye akaona kile ambacho jino linakifanya: kijinyundo kidogo, kilichovikwa kichwani sufu iliyoshindiliwa, kikaruka kikaupiga waya, kikarudi mahali pake. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole kinene cha mkulima, uso wake umekaribia kabisa.

"Kumbe ni ngoma," alisema.

"Bibi alisema si ngoma, tata," nilimwambia baba.

"Bibi yako alikuficha. Hivi si vijiti? Si vinapiga?" Akacheka. Nilikuwa mtu mzima na sikukumbuka kumsikia baba akicheka kwa namna ile, kwa pumzi, kama kijana. "Ngoma nyingi, ndani ya sanduku moja. Wametuficha."

Kisha akaweka sikio kwenye mbao, akagonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Akakunja uso. "Imelowa," alisema. "Ngoma iliyolowa haiwezi kusema. Haina ubaya mwingine."

Alikuwa amesema kweli, yote mawili. Fundi wa Nairobi asingeongeza kitu. Na kwa kuwa alikuwa amesema kweli, sikuuliza atafanya nini, na yeye hakuniambia.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na wapiga ngoma anajua dawa ya ngoma iliyolowa. Unawasha moto, unaisogeza karibu, unaigeuza, unaigonga kwa kidole, unaisogeza tena, mpaka ngozi ikaze na sauti irudi. Baba alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu utotoni hadi siku ya kisu. Siku moja kabla ya mkuu wa misheni kufika, mimi nikiwa darasani, alitoka nyumbani na karai la makaa ya mti wa mwati, yale mazito yanayokaa na moto siku nzima. Aliliweka chini ya piano, akafungua kifuniko cha juu na ubao wa mbele, akafunga dirisha, akakaa.

Nilipomaliza kufundisha nilinusa mwati tangu uwanjani. Nikakimbia. Chumba kilikuwa na joto la jikoni. Baba alikuwa amevua koti, ameketi kwenye benchi, anagonga mbao kwa kidole na kusikiliza. Kwenye kuta maji yalikuwa yameshakauka.

"Tata, umefanya nini?"

"Njoo, mwanangu. Jaribu sasa."

Nilikaa kwa hofu. Nikabonyeza jino lililokuwa halirudi. Likashuka, likarudi. Nikabonyeza jingine. Yote yalikuwa mepesi. Na sauti, sijui niseme vipi, zilikuwa zimekutana. Pengine hazikuwa sawasawa kama ambavyo Bibi angetaka, lakini zilikuwa kavu, safi, zenye makali, zinasikika hadi kwenye bati. Nikaanza kile kipande.

Sikuwahi kukipiga vile kabla ya hapo. Siwezi kudai ujuzi, vidole vyangu vilikuwa vile vile vya jana. Ila kwa mara ya kwanza nilijua kwamba napiga. Sikubonyeza. Kila sauti niliipiga, ikafa, nikapiga nyingine, na nyuma yangu nikasikia kitu kidogo kikiungana na mkono wangu wa kushoto. Baba alikuwa anapiga benchi kwa vidole. Taratibu sana, kwa ncha tu, akiwa ameingia ndani ya mwendo wa muziki ambao hakuwahi kuusikia mzima maishani mwake, bila kukosea. Nilifika ukurasa wa pili, pale mkono wa kushoto unapoteremka na wa kulia unakataa kuondoka. Vidole vya baba vikasimama. Vikangoja. Mkono wangu wa kulia ulipoachia, vikaanza tena.

Nilipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayafuta.

"Pale," alisema, "pale wageni wamefika."

Nikamuuliza wageni gani.

"Msibani. Unapiga, unapiga, halafu unaona kwa mbali wanakuja ndugu waliokuwa safarini. Hawajamwona maiti. Lazima ungoje. Unashika sauti moja mpaka waingie uani." Akajifuta uso kwa kofia. "Huyo Mjerumani alipiga misiba."

Miaka yote ile nilikuwa nimeuliza wimbo ule unasema nini, na nilikuwa nimeambiwa hausemi neno. Sijali kama baba alikosea. Koo langu lilijua kwamba hakukosea.

"Ndaga," aliniambia, yaani asante kwa lugha yetu, akachukua karai lake kwa matambara, akaondoka. Nilifunga kila kitu vizuri. Usiku ule baridi ilishuka hadi nyasi za uwanja zikaamka nyeupe.

Asubuhi walikuja mkuu wa misheni, mchungaji, na wazee wa kanisa, baba akiwa miongoni mwao amevaa koti lake la Jumapili. Nilikaa. Niliinua mikono nikiwa na furaha, nasema kweli, furaha na kiburi kidogo. Nikapiga sauti ya kwanza na kukatoka mlio wa bati linalotetemeka kwa upepo. Nikapiga ya pili. Ndani kitu kikalia ko, waya ukalegea, ukajikunja. Nikaendelea mistari miwili kwa sababu sikujua namna ya kuacha.

Mkuu wa misheni akanisogeza kando, akafungua. Ubao mkubwa wa nyuma, ule unaoipa piano sauti yake, ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Gundi ilikuwa imeachia, viungo vimefunuka. Moto uliutoa maji yote kwa siku moja, na baridi ya usiku ikaumalizia. Kwenye sakafu ya mbao, chini ya piano, palikuwa na alama nyeusi ya duara, ya kitako cha karai.

"Nani amewasha moto humu?"

Kwa pembe ya jicho nilimwona baba akipiga hatua mbele. Mzee wa kanisa, mbele ya mchungaji na wenzake wote.

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Uliyefundishwa?"

"Mimi. Nilisikia baridi."

Mkuu wa misheni hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitingisha kichwa polepole, uso wake umetulia kama wa mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tangu awali, akamwambia mchungaji kwa Kiswahili, ili nami nielewe, "Ndiyo maana nilisema." Kisha wakaenda kunywa chai. Baba alibaki amesimama pale alipofika kwa hatua yake moja. Nilimwambia twende nyumbani, tata. Hakusogea mpaka nilipomshika mkono.

Klabu haikuitaka tena. Seremala wa shule aliivunja, chuma kikapelekwa kwa mhunzi, mbao zake nzuri zikawa kabati la vitabu vya nyimbo, na nyaya wakulima wakagawana wakategea fuko mashambani. Kwa miaka kadhaa nilijulikana huko misheni kama mwalimu aliyeota moto wa piano. Watoto walinitungia hata kawimbo. Nilikuwa nakasikia, nikapita.

Nyumbani hatukulizungumza. Ningeweza kumwambia baba kwamba ni lori, kwamba ni mashimo ya Chimala yaliyoipasua, na niliwahi kujaribu, lakini aliinua mkono nikanyamaza. Kila mpiga ngoma anajua ngozi iliyozidishiwa moto inavyokuwa. Alijua kabla ya mkuu wa misheni kufungua ubao. Tangu siku ile alipungua. Alilima, alisali, alikaa kwenye baraza la wazee, na jioni niliposahau nikaweka vidole mezani, alisimama akatoka nje. Basi nikaacha hata hiyo meza.

Alianza kuumwa kifua kabla nchi haijapata uhuru. Siku za mwisho nilikaa naye mchana, mama akiwa jikoni. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Mwanangu. Siku ile, ilisema au haikusema?"

Sikuhitaji kuuliza siku ipi.

"Ilisema, tata."

"Wageni waliingia?"

"Waliingia."

Akageukia ukutani. Sikumdanganya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ningekuwa nimemfariji kwa uongo ningelisahau. Lakini ilisema kweli. Ilisema alasiri moja kama haikuwahi kusema kwa Bibi wala kwangu, na moto ulioifanya iseme ndio ulioiua.

Tulimzika Kikristo. Ngoma haikuwapo, wala yeyote hakuthubutu kuitaja. Nilipiga kinanda cha kanisa, nyimbo zile zilizochaguliwa na mchungaji, zenye maneno yote na kazi yake inayojulikana. Nilishikilia sauti ya mwisho, nikapuliza, nayo haikufa, ikakaa juu ya vichwa vya watu mpaka miguu yangu ilipochoka. Walikuja wazee kutoka Rungwe, waliocheza kwa ngoma yake walipokuwa vijana. Walikaa kwenye majani uani, mikono mapajani, wamevaa makoti, hawana la kufanya.

Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia. Mama alipika sufuria la kwanza, likaisha. Akarudi ndani kwenye pipa kuchota maharage mengine, na mlango ulikuwa wazi. Nilimwona akiinama, akizamisha kata ya kibuyu, akichota, akizamisha tena, chini zaidi kila mara. Maharage yalikuwa yanakaribia kuisha. Kata ikagonga mti wa chini.

Ilikuwa sauti nzito, ya ndani, na uani mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja wa Rungwe akainua kichwa. Kisha wa pili. Mama naye alisikia, akasimama na kata mkononi, hageuki, na sote tukangoja. Halafu akainama tena akaendelea kuchota, kwa sababu watu walikuwa na njaa.